Kaboni ya nyika: mradi wa malisho uliopima udongo kabla ya kuuliza ardhi ni ya nani

Kisa hiki kimetokea kaskazini mwa Kenya, kwenye nyika ambako watu huishi kwa ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi. Nimeondoa jina la shirika lililoendesha mradi, majina ya hifadhi za jamii, ya kampuni zilizonunua na ya watu waliokwenda mahakamani. Anayefuatilia habari hizi huenda akautambua, kwa kuwa mengi yalitangazwa hadharani. Nakiandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za ardhi, madiwani, maofisa wa mazingira wa kaunti na wilaya, na yeyote atakayewekewa mezani mkataba wa kaboni, yaani wa kuuza haki ya kaboni inayoshikwa na ardhi yao, na kuambiwa asaini leo leo kwa sababu mnunuzi anasubiri.

Usuli

Mvua ya nyika hii haina adabu. Bonde moja linapata, la pili linakosa, na mwaka unaofuata mambo yanageuka. Kwa hiyo wafugaji hawakai mahali pamoja. Miongoni mwa Waborana kuna utaratibu wa dedha, yaani baraza la wazee linalogawa malisho: haya ya masika, haya ya kiangazi, na yale ya mwisho hayaguswi mpaka ukame ushike kweli. Kisima kina msimamizi wake anayepanga zamu za kunywesha. Mgeni hafukuzwi, ila lazima aombe. Mfugaji anayeingiza mifugo kwenye malisho ya akiba kabla ya wakati anaitwa barazani na kutozwa faini.

Ardhi yenyewe ilikuwa na mashaka ya kisheria tangu zamani. Kwa miongo mingi ilishikiliwa na mabaraza ya wilaya kama ardhi ya amana. Katiba ya mwaka 2010 ikaitangaza kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikaweka njia ya kuipatia hati: jamii inajisajili, inaitisha mkutano, inachagua kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15, kisha inaomba usajili wa ardhi. Mpaka hapo, serikali ya kaunti inaishika kwa niaba ya jamii na haina ruhusa ya kuiuza wala kuihamishia mtu mwingine. Sehemu kubwa ya nyika haikuwa imesajiliwa mradi ulipoanza, na kazi hiyo bado inakwenda polepole.

Katikati ya pengo hilo zilichipuka hifadhi za jamii. Kila moja ilikuwa na bodi, ofisi, akaunti ya benki na askari wa wanyamapori, na juu yake likasimama shirika moja la mwavuli lenye wafadhili wa nje. Lengo la awali lilikuwa kulinda wanyama, kuleta watalii na kutuliza ugomvi wa mifugo. Kaboni ilikuja baadaye.

Mradi ulivyojengwa

Wazo lilikuwa hili. Mifugo ikitawanyika ovyo inakula nyasi mpaka kwenye mzizi, udongo unabaki wazi, na kaboni iliyomo ardhini inapotea hewani. Mifugo ikikusanywa kundi moja na kuhamishwa kwa ratiba kutoka eneo hadi eneo, nyasi zinapata kupumzika, mizizi inashuka chini, na udongo unashika kaboni zaidi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo inayogeuzwa kuwa krediti: kila krediti tani moja ya hewa ukaa.

Mradi ulichukua hifadhi 14 zenye eneo linalokaribia hekta milioni 2, na ulipangwa kwa miaka 30 kuanzia Januari 2013. Matarajio yaliyotangazwa ni tani zipatazo milioni 50 kwa kipindi chote. Huwezi kuchimba udongo kila mahali kwenye eneo la ukubwa huo, kwa hiyo hesabu ilitegemea picha za satelaiti zinazoonyesha ukijani wa mimea, zikichanganywa na fomula ya kukadiria udongo unashika kiasi gani. Sehemu ya utafiti uliozaa fomula hiyo ilifanyika Serengeti.

Mtu akisoma nyaraka za mradi anaona kwamba upande wa udongo ulifanyiwa kazi kubwa. Kuna ramani, kuna majedwali, kuna wakaguzi wa nje.

Mtiririko wa matukio

Hesabu ya tani ilianza 2013, lakini krediti hazikutoka mara moja. Ilichukua miaka kadhaa kupata mbinu iliyokubalika, kukaguliwa na kusajiliwa kwenye rejista kubwa ya kimataifa, yaani taasisi inayosajili miradi na kutoa krediti, ya soko la hiari, ambako kampuni hununua krediti kwa kupenda na si kwa kulazimishwa na sheria. Mkupuo wa kwanza, unaohusu miaka ya 2013 hadi 2016, ulizidi tani milioni 3. Krediti zilipotoka zikanunuliwa, miongoni mwa wengine, na kampuni kubwa za Marekani za teknolojia na burudani zilizotaka kufidia uchafuzi wao. Pesa zikafika kwenye hifadhi, na kukaanza kusikika habari za karo za wanafunzi na miradi ya maji.

Mwaka 2021 mambo mawili yalitokea, na ndiyo kiini cha kisa. La kwanza: kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa baadaye, ndipo mikataba ya kaboni kati ya shirika na hifadhi iliposainiwa, zaidi ya miaka 8 baada ya tani kuanza kuhesabiwa. La pili: wanajamii 165 walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakisema kwamba hifadhi zilizoanzishwa kwenye ardhi yao hazikupata ridhaa yao.

Machi 2023 shirika moja la kutetea haki za watu wa asili lilitoa ripoti ndefu juu ya mradi. Ilihoji mambo matatu: kwamba wafugaji hawakuelezwa vya kutosha walichokuwa wakikiuza, kwamba utaratibu wa asili wa malisho ulichorwa kama fujo ili mradi uonekane kuleta mabadiliko, na kwamba hakukuwa na ushahidi mzuri kwamba mifugo ilikuwa inahamishwa kwa ratiba iliyodaiwa. Shirika la mradi lilizikana tuhuma hizo. Rejista ikasimamisha utoaji wa krediti na kufungua mapitio. Baadaye mapitio yalifungwa na mradi ukaruhusiwa kuendelea.

Tazama kalenda ya mwaka ule. Tarehe 1 Septemba Rais alisaini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanayosimamia masoko ya kaboni. Siku chache baadaye Nairobi ikawa mwenyeji wa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, na viongozi wakazungumzia kaboni kama mlango wa fedha ambazo bara halijawahi kupewa kwa misaada. Wakati huohuo mradi mkubwa kuliko yote wa kaboni ya udongo nchini ulikuwa ndani ya mapitio.

Januari 2025 mahakama ikatoa hukumu: hifadhi mbili zilianzishwa kinyume cha katiba, bila ushirikishwaji wa umma, na shirika likazuiwa kuendesha shughuli zake huko. Moja ya hizo mbili ilikuwa ndani ya mradi wa kaboni na ilikuwa inachangia kama moja ya tano ya krediti zake. Miezi michache baadaye rejista ikausimamisha mradi mara ya pili.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Ni rahisi kusema leo kwamba watu walikosea. Ni vizuri zaidi kuona kila uamuzi ulikuwa na mantiki gani siku ulipofanywa, maana mantiki hiyohiyo ndiyo itakayoletwa kijijini kwako.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifanya hifadhi ndiyo sahihi ya jamii. Hifadhi ilikuwepo tayari. Ina mwenyekiti wa kumpigia simu, ina muhuri, ina akaunti ya kupokea pesa. Kusajili ardhi ya jamii kungechukua miaka na kungeamsha kila mgogoro wa mpaka uliolala. Mwaka 2013 hata Sheria ya Ardhi ya Jamii haikuwepo. Kwa mwendeshaji wa mradi mwenye mfadhili anayeuliza ripoti kila robo mwaka, hifadhi ndiyo iliyokuwa njia pekee iliyofunguka. Tatizo ni kwamba hifadhi imesajiliwa kama chombo cha kuendesha shughuli, na chombo cha kuendesha shughuli si mwenye ardhi. Bodi ya watu kumi na kitu inaweza kuajiri askari na kupanga barabara. Kutoa haki juu ya kinachokaa ndani ya udongo wa wafugaji maelfu, kwa miaka 30, ni mamlaka nyingine kabisa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhesabu tani za nyuma. Masoko ya hiari yanaruhusu jambo hili kwa masharti: kama kazi ilifanyika na ilifuatiliwa, krediti zinaweza kutolewa baada ya miaka. Kwa upande wa fedha ilikuwa na maana, kwa sababu gharama za kuandaa mradi ni kubwa na mkupuo wa kwanza unazilipa. Lakini ridhaa hairudi nyuma. Mfugaji aliyehamisha ng'ombe wake mwaka 2014 hakujua kwamba mwendo wake umeandikwa kuwa bidhaa. Kumwomba sahihi mwaka 2021 ni kumwambia kilichokwisha kufanyika.

Uamuzi wa tatu ulihusu picha ya hali ya zamani. Mbinu yoyote ya kaboni inahitaji kulinganisha: bila mradi ingekuwaje? Mradi ulijenga hoja yake juu ya malisho yasiyo na mpango. Hapa ndipo dedha ilipopotea. Nyaraka zikisema hakukuwa na mpango, wakati baraza la wazee lilikuwa linafunga na kufungua malisho kwa vizazi, basi ama wazee hawakuulizwa, ama walichosema hakikuingia kwenye hesabu. Sikatai kwamba utaratibu wa asili umedhoofika. Idadi ya watu imeongezeka, njia za kuhama zimezibwa, na silaha zimeingia. Hilo lingeweza kuandikwa kama lilivyo, na mradi ungekuwa wa kuimarisha dedha.

Uamuzi wa nne ni wa walalamikaji. Kwa nini mahakamani? Miradi ya kaboni ina utaratibu wake wa kupokea malalamiko, lakini unajengwa kusikiliza mambo ya ndani ya mradi: mgao umechelewa, kisima hakijachimbwa. Wao walikuwa wanauliza kama hifadhi yenyewe ina uhalali wa kuwepo. Chombo cha mradi hakiwezi kujihukumu kwamba hakipaswi kuwepo, na kwa maoni yangu walipiga hodi kwenye mlango sahihi.

Matokeo

Krediti zimesimamishwa mara mbili. Hifadhi ambazo hazikuwa na kesi yoyote nazo zilikwama, kwa sababu mradi ni mmoja na rejista iliusimamisha wote. Wanunuzi waliokwisha kutumia krediti zao kwenye ripoti za mwaka hawakurudisha kitu kwa mfugaji wala hawakudaiwa naye. Wanafunzi waliokuwa wanategemea karo ya pesa za kaboni ndio waliobaki na swali la muhula ujao.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu kipo. Nyaraka za mradi ziliwekwa wazi kwenye rejista. Uchunguzi wa 2023 uliwezekana kwa kuwa mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kusoma mradi ulichodai na kukilinganisha na ramani na maneno ya watu. Mikataba mingi ya madini na ya mashamba makubwa Afrika Mashariki haijawahi kuwa na uwazi huo. Pia rejista ilisimamisha utoaji wa krediti, ikapoteza mapato yake yenyewe kwa kufanya hivyo. Na mahakama ya Kenya iliwasikiliza wafugaji 165 dhidi ya taasisi yenye marafiki wakubwa ndani na nje ya nchi. Anayesema kwamba soko la kaboni halina breki hajasoma kisa hiki.

Lakini breki zote zilikaa mwisho wa safari. Wakaguzi walikuja, wakapima walichotakiwa kupima, wakatia sahihi. Swali la nani ana mamlaka ya kuuza liliulizwa kwa kuangalia kama kuna karatasi, na karatasi ilikuwepo. Sheria ya 2016 ina kipimo kikali kuliko hicho: makubaliano na mwekezaji juu ya ardhi ya jamii hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya watu wazima wayapitishe kwenye mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo, na mkutano wenyewe uwe na akidi ya theluthi mbili ya watu wazima. Kwenye nyika ambako nusu ya watu wako malishoni, kutimiza hilo ni kazi ngumu. Unalazimika kusubiri msimu ambao watu wako karibu na kisima. Ni gharama, na ni gharama ambayo iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza kama zinavyoingizwa picha za satelaiti.

Kuna jambo la ndani zaidi kuhusu mipaka. Kaboni inahitaji eneo lenye mstari kuzunguka. Ufugaji wa kuhama unaishi kwa kuvuka mistari. Mifugo ya hifadhi ikienda kula kwa jirani wakati wa kiangazi, nyasi za ndani zinapona na satelaiti inafurahi, huku nyasi za jirani zikiliwa. Mbinu za kaboni zinataka hilo lihesabiwe na kupunguzwa. Kulifuatilia kwa maelfu ya makundi ya mifugo, katika eneo hili ambalo kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 lilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, ni jambo lingine. Wakati wa ukame ule mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Mfugaji anayeokoa ng'ombe wake wa mwisho hataangalia ratiba ya kuhamisha makundi, na mkataba unaomtaka aiangalie haukuandikwa na mtu anayemjua.

Sasa upande wa kimataifa. Mauzo haya yalipita soko la hiari, nje ya mkono wa serikali. Kwa sasa mlango mwingine umefunguka, wa Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, ule wa mataifa juu ya tabianchi. Kanuni zake kuu zilikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 na zilizobaki zikamalizwa Baku mwezi Novemba 2024. Humo nchi inaiuzia nchi nyingine tani zake. Serikali ya muuzaji inatoa kibali, kisha inarekebisha hesabu yake: tani iliyouzwa nje haiwezi tena kuhesabiwa ndani. Kenya iliahidi kupunguza asilimia 32 ya uzalishaji wake wa gesi joto uliotarajiwa ifikapo 2030. Kila tani inayotoka kwa utaratibu huo lazima itafutiwe mbadala kwingine, na kwa kawaida tani rahisi huuzwa kwanza na kuachia nyumbani zile za gharama kubwa.

Fikiria sasa kisa hikihiki kingepita mlango huo. Tani zimeuzwa, nchi mnunuzi imezitumia kutimiza ahadi yake, Kenya imezitoa kwenye hesabu yake, halafu mahakama inasema moja ya tano ilitoka kwenye eneo lililochukuliwa bila ridhaa. Hasara ingetoka kwenye sifa ya kampuni na kuingia kwenye daftari la taifa, na suluhisho lingekuwa la kidiplomasia. Kwa hiyo ofisa anayetoa kibali Nairobi, Dodoma au Kampala ana sababu ya kuuliza habari za ardhi kwa ukali zaidi ya mkaguzi yeyote wa soko la hiari. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye semina za kaboni wataalamu wa hesabu wanajaa chumba na afisa ardhi hajaalikwa.

Marekebisho ya Kenya ya 2023 yamejibu sehemu ya matatizo. Yanataka mkataba wa maendeleo ya jamii, rejista ya taifa, na kwa miradi ya ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Maneno hayo ya mwisho yasomwe polepole. Chukua mfano: mradi umeingiza shilingi milioni 100. Mwendeshaji anaonyesha gharama za milioni 70, zikiwemo washauri, wakaguzi, ofisi na magari. Asilimia 40 inapigwa kwenye milioni 30 zilizobaki, na jamii inapata milioni 12. Mkutano wa kijiji ulisikia asilimia 40. Kilichofika ni asilimia 12 ya mauzo, na hakuna sheria iliyovunjwa. Asiyeweza kuona hesabu ya gharama hajui mgao wake, hata akiwa ameukariri. Tanzania nayo ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022, na swali la gharama linabaki lilelile mtu akivuka Namanga.

Kwa kamati inayokaa na mkataba sasa hivi, kisa hiki kinanifanya nianzie mahali pasipotarajiwa: kifungu cha kusimamishwa. Karibu kila mkataba una kurasa za mgao pesa zikiingia. Tafuta ukurasa unaosema rejista ikifunga utoaji wa krediti kwa mwaka mzima, nani anawalipa walinzi wa malisho, nani anaendelea na karo zilizokwisha kuahidiwa, na kama jamii ina haki ya kujitoa bila kudaiwa gharama za kuandaa mradi. Kama ukurasa huo haupo, omba uandikwe, na omba akiba itengwe kutoka mkupuo wa kwanza kwa ajili hiyo, kwenye akaunti inayosainiwa na kamati ya ardhi iliyochaguliwa na mkutano. Mwendeshaji mwenye nia njema atakubali, maana naye amekwisha kuona yaliyotokea nyikani.